Redio Iliyosikika Mombasa Yakataa Kisumu

Ukurasa huu hujibu maswali ya wasomaji wanaotumia vyombo vya majini. Katika toleo hili tumechagua barua tatu zinazohusu redio na antena, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu shida iliyomo tumeiona katika mashua nyingi za ziwa letu.

SWALI: Ndugu Fundi, nina mashua ya faibaglasi yenye urefu wa mita 11 ambayo niliinunua Mombasa kwa mtu aliyekuwa akivulia bahari kuu, nikaisafirisha kwa lori hadi Kisumu. Sasa inabeba mizigo na abiria kati ya Dunga, Homa Bay na visiwani. Ilikuja na redio ya HF (masafa ya juu) ya wati 150, tyuna (kifaa cha kuilinganisha antena na redio) inayojiendesha yenyewe, na antena ya fimbo ya mita 7 iliyosimama upande wa nyuma. Kabla ya kulipa nilishuhudia kwa macho yangu redio hiyo ikifanya kazi vizuri bandarini Mombasa. Hapa ziwani, nikibonyeza kitufe cha kuiamuru tyuna ijipange, inalia tak-tak-tak kwa sekunde kadhaa kisha inanyamaza, na kioo cha redio kinaonyesha kwamba imeshindwa. Kwenye megahezi 4 na 6 haikubali kamwe, kwenye 8 hukubali mara mojamoja, na kwenye 12 hukubali karibu kila mara. Kinachonishangaza ni kwamba tukifunga ubavuni mwa meli ya chuma, reli yetu ikigusana nayo, inakubali masafa yote. Tena juzi kijana wangu alishika ile reli ya nyuma ambayo waya wa ardhi wa tyuna umefungwa nayo, ikakubali megahezi 6, alipoiachilia, ikakataa. Muuzaji mmoja wa vifaa ameniambia tyuna imekufa na ninunue nyingine. Je, ninunue? – Mwenye mashua, Dunga, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe pesa zako kabla ya kufanya majaribio nitakayokueleza, kwa maana barua yako yenyewe imebeba ushahidi kwamba tyuna uliyo nayo ni nzima. Tyuna iliyokufa haifufuki kwa kuwa mashua imefungwa kando ya meli ya chuma, wala haiponi kwa sababu kijana ameshika reli. Katika nyakati hizo mbili, kilichobadilika si tyuna wala fimbo. Ni kile kilichounganishwa na skrubu ya pili ya tyuna, ile ya ardhi, ambayo sisi mafundi tunaiita ethi na ambayo wenye vyombo wengi huisahau siku ileile inapofungwa. Nakushukuru kwa kuyaandika mambo hayo mawili madogo, kwa sababu wengi wangeyaacha wakidhani hayana maana, na kumbe ndiyo yaliyotoa jibu.

Tyuna ni sanduku lenye koili na kapasita kadhaa ndani yake, pamoja na rilei, yaani swichi za umeme, zinazoziingiza na kuzitoa. Hiyo tak-tak-tak unayoisikia ni rilei zikijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine. Redio inataka kuona omu 50 mbele yake (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), lakini fimbo ya mita 7 haiwezi kuwa omu 50 katika masafa yote. Kwenye megahezi 4 wimbi lina urefu wa takriban mita 73, na robo yake, ambayo ndiyo kipimo ambacho antena ya kusimama huipenda, ni mita 18. Fimbo yako imepungukiwa na zaidi ya nusu ya urefu huo, kwa hiyo tyuna huingiza koili ili kuufidia upungufu. Kwenye megahezi 12 robo ya wimbi ni kama mita 6, na fimbo ya mita 7 inatosha bila msaada mkubwa. Ndiyo maana 12 inakubali na 4 inakataa.

Lakini fimbo ni nusu moja tu ya antena. Mkondo unaopanda kwenye fimbo ni lazima upate mwenzake upande wa ardhi, kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na tyuna nayo haiwezi kuisukuma nguvu kwenye fimbo ikiwa haina pa kuegemea. Ardhi ikiwa ndogo, upungufu wake hujumlishwa na upungufu wa fimbo, na tyuna huingiza koili zake zote bila kufika, kisha hukata tamaa. Hata pale inapokubali, hasara ni kubwa. Kwa hesabu, sehemu ya ukinzani wa fimbo ya mita 7 inayorusha nguvu hewani kwenye megahezi 4 ni kama omu 4 tu. Ikiwa ardhi mbovu inaongeza omu 36 za kupoteza, basi katika kila wati 10 zinazotoka redioni ni wati 1 tu inayokwenda hewani, na redio yako ya wati 150 inakuwa ya wati 15.

Sasa utauliza: kwa nini ardhi hiyohiyo ilitosha Mombasa? Jibu ni chumvi. Bila shaka chini ya mashua yako kumefungwa bamba la shaba, nalo limeunganishwa na tyuna pamoja na reli. Baharini bamba hilo hugusa maji yenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita, na maji hayo hupitisha umeme mara mia kadhaa zaidi ya maji ya Ziwa Victoria. Kule bahari yote inakuwa upande wa pili wa antena. Huku bamba lilelile linagusa maji matamu ambayo kwa redio yanakaribia kuwa si kitu, na tyuna inabaki na vipande vichache vya reli na waya.

Kama una shaka, jaribu jambo hili nje ya nyumba. Chukua mabakuli mawili ya plastiki. Moja litie maji uliyoyachota hapo Dunga, na jingine litie lita moja ya maji hayohayo uliyoyakorogea vijiko viwili vikubwa vya chumvi ya jikoni. Chukua betri ya volti 12, taa ndogo ya gari ya wati 5 na vijiko viwili vya chuma. Kijiko kimoja kiunganishe na betri moja kwa moja, cha pili kiunganishe kupitia taa, kisha vitumbukize vyote viwili vikiwa karibu bila kugusana. Katika maji ya ziwa taa haitawaka. Katika maji ya chumvi uzi wa taa utang'aa na mapovu yatapanda kwenye vijiko. Vitoe vijiko baada ya sekunde chache, kwa sababu mapovu hayo yana gesi isiyofaa kuvutwa puani. Nimewahi kulifanya jaribio hili ufukweni mbele ya manahodha watatu waliokuwa wakibishana nami, na tangu siku hiyo hakuna kati yao aliyeniuliza tena kwa nini bamba halitoshi.

Naliandika jambo hili kwa uzito kwa sababu nililipia ujinga wake mimi mwenyewe. Nilipohamia huku kutoka Pwani, niliitiwa mashua moja ya Usenge yenye shida kama yako. Nikaifungua tyuna, nikabadilisha rilei mbili zilizokuwa nzima kabisa, nikaifunga, ikakataa. Nikaifungua tena, nikasafisha kila kiungo, ikakataa. Siku ya tatu mwenye mashua aliipandisha ufukweni ili kuipaka rangi, nami nikatandaza waya mrefu mchangani na kuufunga kwenye skrubu ya ardhi kwa kubahatisha tu. Tyuna ikakubali kwa sekunde mbili. Niliinama pale nikiutazama ule waya kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa Mombasa kwamba maji ndiyo ardhi, na sikuwa nimewahi kuuliza ni maji gani.

Fanya basi jaribio lilelile. Nunua kwenye duka la vifaa vya umeme waya wa kawaida wa milimita mraba 1.5 wenye ganda la plastiki, kiasi cha mita 45. Kata vipande vinne: mita 18 kwa ajili ya megahezi 4, mita 12 kwa ajili ya 6, mita 9 kwa ajili ya 8, na mita 6 kwa ajili ya 12. Ncha moja ya kila kipande ifunge kwenye skrubu ya ardhi ya tyuna, na ncha ya pili iache ikining'inia peke yake, bila kuifunga kwenye chuma chochote. Vipande vifupi vilaze kando ya mashua chini ya ukingo. Ule wa mita 18 upeleke hadi omo, yaani mbele ya mashua, kwa upande wa kulia na urudishe kwa upande wa kushoto, kwa kuwa mashua yako ni ya mita 11. Kisha ondokeni kwenye meli ya chuma, nendeni mahali pa wazi, wala mtu asishike reli. Ikiwa megahezi 4 na 6 zitakubali, umepata jibu lako kwa gharama ya waya tu.

Wakati wa kujaribu, sikiliza kwanza ili usimkatize mwenzako anayezungumza, na tumia masafa uliyopewa katika leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Usijaribie kwenye 4125 wala 6215 kilohezi, ambazo ni masafa ya wito wa dhiki, kwa sababu tyuna inapojipanga redio inarusha mlio hewani, na huenda wakati huohuo kuna mtu anayeomba kuokolewa.

Jaribio likifaulu, lifanye kuwa la kudumu. Nyaya zifunge kwa vibanio vya plastiki chini ya ukingo, na kila ncha iliyo huru ifunike vizuri kwa mpira au kwa utepe wa umeme, kwa maana redio inaporusha, volti katika ncha hizo hupanda sana na zinaweza kumuunguza abiria anayeegemea hapo. Usizipitishe karibu na tangi la petroli wala mipira yake. Hilo halina mjadala katika mashua inayobeba watu. Ukiweza kuweka seti mbili, moja kila upande, utaona tofauti, hasa kwenye megahezi 4. Unganisha pia vyuma vikubwa ulivyo navyo, kama vile fremu ya paa na reli zote, viwe kitu kimoja. Bamba la chini usiling'oe, kwani halidhuru, na kila kidogo husaidia.

Kuna sehemu moja ambayo watu huifanyia ubahili, nayo ni kile kiungo kati ya skrubu ya ardhi na mahali nyaya zote zinapokutana. Mara nyingi nakuta waya mwembamba wa kijani na manjano wenye urefu wa mita 3, uliozungushwa kwa unadhifu kana kwamba ni ethi ya nyumbani. Kwa umeme wa nyumbani waya huo unatosha, lakini kwa redio, kwenye megahezi 8, urefu huo peke yake unaweza kuleta kizuizi cha takriban omu 150 kabla mkondo haujafika popote. Tumia ukanda wa shaba nyekundu wenye upana wa sentimita 7 hadi 10, mfupi na ulionyooka kadiri iwezekanavyo. Hauhitaji kuwa mnene, kwa sababu mkondo wa redio hutembea juu ya ngozi ya shaba. Kwenye megahezi 4 kina chake ni kama sehemu tatu tu za mia za milimita, yaani milimita 0.03. Kinachotakiwa ni upana. Ukiulehemu ukanda kwenye viungo vyake, upake rangi au vanishi, kwa kuwa unyevunyevu wa ziwa huifanya shaba kuwa ya kijani hata pasipo chumvi.

Ikiwa baada ya nyaya hizo tyuna bado inakataa, ndipo utazame mambo mengine, na la kwanza ni betri. Redio ya wati 150 huvuta ampea 25 au zaidi unapozungumza. Pima volti kwenye plagi ya redio yenyewe, siyo kwenye betri, na upime wakati mtu amebonyeza kitufe na kusema maneno marefu. Nyaya za milimita mraba 2.5 zikitoka mita 5 mbali hupoteza takriban volti 1.7, kwa kuwa umeme hutembea mita 10 kwenda na kurudi. Zile za milimita mraba 6 hupoteza 0.7 tu. Nimeona tyuna ikilaumiwa kwa sababu volti zilishuka chini ya 11 kila ilipoanza kazi, rilei zikaachia katikati ya kujipanga, ikaanza upya, tena na tena.

La pili ni kebo ya koaksi, yaani ile yenye waya wa katikati uliozungukwa na ganda la nyuzi za shaba, kati ya redio na tyuna. Ifungue plagi zake mbili ukatazame ndani. Waya wa shaba unaong'aa ni salama. Ukiona weusi au ungaunga wa kijani chini ya ganda, maji yameshaingia na yamepanda ndani ya kebo kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, na hapo kukata ncha na kuweka plagi mpya hakutoshi. Badilisha kebo nzima. Lakini ule waya unaotoka tyuna kwenda kwenye fimbo usiubadilishe kuwa koaksi kwa kudhani unaboresha. Waya huo ni sehemu ya antena; unapaswa kuwa mmoja, wenye ganda nene linalostahimili volti nyingi, mbali na vyuma, na mfupi. Ukipitishwa ndani ya bomba la chuma au ukifungwa sambamba na reli, nguvu yako inamalizikia hapo.

Neno la mwisho kuhusu mashua yako. Fimbo iliyosimama hutupa mawimbi yake chini kuelekea upeo wa macho, na jambo hilo linafaa baharini, ambako mawimbi husafiri juu ya maji ya chumvi kwa mbali. Juu ya maji matamu mawimbi hayo hufifia mapema. Kwa safari zako, ambazo ni za makumi ya kilomita na pengine mia moja au mia mbili, utasikika vizuri zaidi ukiyatuma mawimbi juu ili yarudishwe na tabaka la anga, na kazi hiyo hufanywa na waya uliolala au ulioinama kuliko fimbo. Ikiwa una mlingoti mbele, funga waya wa mita 10 au 11 kutoka kwa tyuna hadi juu ya mlingoti, ukiwa na kihami (kipande kisichopitisha umeme) kila ncha, na uulinganishe na fimbo siku hiyohiyo na mtu yuleyule wa kuzungumza naye. Mchana anza na megahezi 6 au 8. Usiku shuka hadi 4. Usichague urefu wa mita 12, kwa sababu urefu huo ni nusu ya wimbi kwenye megahezi 12, na nusu ya wimbi ni urefu ambao tyuna nyingi huuchukia.

SWALI: Kwako Fundi, boti yetu ya abiria ina redio ya HF na tyuna, na tulikuwa tukizungumza bila shida kutoka Mbita hadi Mfangano na kwingineko. Usiku mmoja dhoruba ya radi ilipita tukiwa tumetia nanga. Radi haikupiga boti. Asubuhi tulikuta redio inapokea kwa unyonge mno, na tyuna ikiambiwa ijipange inagonga rilei bila kukoma. Nyaya za ardhi tunazo na hatukuzigusa. Tuanzie wapi? – Nahodha, Mbita.

JIBU: Ndugu Nahodha, si lazima radi ipige boti ndipo vifaa viumie. Wingu lenye chaji likiwa juu ya ziwa, na radi ikipiga hata kilomita moja au mbili kutoka mlipo, fimbo yenu hukusanya volti za kutosha kuharibu sehemu nyororo za tyuna, yaani zile diodi ndogo zinazopima nguvu inayokwenda na inayorudi. Tyuna isiyoweza kupima ni kama mtu anayefungua kufuli gizani kwa funguo mia. Huendelea kujaribu kwa sababu hakuna kinachomwambia kwamba ufunguo umekubali. Kugonga bila kukoma kunaelekea huko. Kama ingekuwa kimya kabisa, ningewaambia mtazame kwanza fyuzi na kebo ya amri inayotoka redioni.

Itengeni tyuna na antena ili mjue mgonjwa ni nani. Ondoeni waya wa fimbo na nyaya za ardhi, kisha kati ya skrubu ya antena na ile ya ardhi fungeni mzigo bandia wa omu 50, yaani kizuizi kinachoshika nafasi ya antena, ambao fundi yeyote wa redio anao. Tyuna yenye afya itakubali mara moja, kwa sababu imepewa kilekile inachokitafuta. Ikiendelea kugonga, ni mgonjwa. Kisha toeni koaksi kwenye tyuna na mguseshe waya wake wa katikati kwenye waya wa fimbo, kwa kusikiliza tu, bila kurusha. Ikiwa idhaa za mbali zinarudi kwa nguvu, redio yenu haikuumia na unyonge ulikuwa ndani ya tyuna. Ikiwa kimya kinabaki kilekile, mlango wa kupokelea wa redio nao umeguswa, na hapo vyote viwili viende kwa fundi.

Kabla ya kuvipeleka vifaa hivyo kwa fundi, fungueni kifuniko cha tyuna mchana kweupe. Tazameni kama kuna sehemu nyeusi iliyoungua karibu na skrubu ya antena, ambako watengenezaji wengi huweka kijidude cha kupitishia volti za ziada kwenye ardhi. Kikiwa kimeungua, kimefanya kazi yake na kubadilishwa kwake si ghali. Tazameni pia wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama mawingu ya moshi huingia katika kila tundu lisilozibwa, na nimewahi kuondoa konzi nzima yao wakiwa wamekaukia kati ya rilei, wamefyonza unyevu na kuunganisha vitu visivyopaswa kuunganishwa. Wafagieni kwa brashi laini iliyokauka, msitumie maji. Sanduku likirudishwa, matundu ya nyaya yaelekee chini, na lile tundu dogo la kutolea maji lisizibwe kwa silikoni, kama nilivyokuta watu wakifanya kwa nia njema.

Kuanzia sasa, jioni mkiona mawingu yanajenga, tenganisheni waya wa fimbo na tyuna na muuegemeze kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi ya boti. Dhoruba za ziwa letu hupenda usiku na alfajiri, wakati hewa baridi ya nchi kavu inaposhuka kutoka kila upande na kukutana juu ya maji, na wakati huo wengi wenu mmelala. Wekeni swichi nzito ya kisu mahali pa kufikika, ili kazi hiyo isihitaji bisibisi gizani.

SWALI: Fundi, mimi huendesha mashua ya watalii Ziwa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, na nina redio ya VHF (masafa ya juu sana). Nimesoma kuhusu tyuna. Je, nikiifunga nitasikika mbali zaidi? – Msomaji, Naivasha.

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Redio ya VHF ya vyombo vya majini hufanya kazi karibu na megahezi 156 hadi 162, na antena yake hutengenezwa kiwandani kwa urefu unaofaa masafa hayo tayari. Robo ya wimbi kwenye chaneli 16 ni sentimita 48 tu. Hakuna cha kulinganisha. Mawimbi ya VHF husafiri takriban kama macho yanavyoona, kwa hiyo kinachoongeza umbali ni kimo. Antena iliyo mita 4 juu ya maji ikizungumza na nyingine iliyo mita 30 nchi kavu zitafikiana kwa takriban kilomita 30, na ukiishusha yako hadi mita 1 utapoteza kilomita 4 kati ya hizo.

Kama redio yako imedhoofika kuliko ilivyokuwa, azima mita ya SWR, inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudishwa na antena, na upime kati ya redio na antena. Ikisoma chini ya 1.5, usiguse kitu. Ikisoma 3, robo ya nguvu yako inarudishwa na antena, na karibu kila mara kosa liko kwenye plagi iliyo chini ya antena, pale maji ya mvua yanapotua. Kata ncha ya kebo sentimita chache hadi uone shaba safi, lehemu plagi mpya, kisha izungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ulale juu ya uliotangulia kama vigae vya paa.